Ncha ya Pili ya Kamba

Ukimpelekea Mwalimu habari yoyote, iwe ya bei ya sukari, ya ugomvi wa mpaka au ya kiongozi aliyejiuzulu, alikusikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, kisha akauliza: "Na ncha ya pili kashika nani?" Alimaanisha kamba. Kwake yeye kila jambo duniani lilikuwa kamba, na mtu anayelalamika kwamba anavutwa alipaswa kumjua anayemvuta. Watu walimchoka kwa swali hilo. Mke wake, alipokuwa hai, alimjibu kutoka jikoni: "Nimeshika mimi! Njoo unipokee sufuria."

Nimeishi na swali hilo tangu nikivaa kaptula ya shule. Leo nami nafundisha somo lake, historia, katika sekondari moja mjini Arusha, na nimepanga Sekei. Nikitaka kuwaeleza wanafunzi jinsi vita vya watu wa mbali vinavyoingia katika nyumba ya mtu asiyewajua, mawazo yangu hupanda hadi juu ya Maji ya Chai, kwenye vihamba vya mlimani, alikoishi yeye. Sitaeleza alizaliwa lini wala ukoo wake ulitoka wapi. Nitamweleza kama nilivyomfahamu, vipande vipande, nawe utamwona tu.

Alikuwa mtu wa viatu. Njia za kwetu wakati wa mvua ni tope jekundu mpaka kwenye vifundo, lakini Mwalimu alifika shuleni viatu vinang'aa, kwa sababu alitembea na buti za mpira na kubeba viatu vyenyewe kwenye mfuko. Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri hasa, asiyechelewa ibada hata moja, na bado mchungaji alimwogopa kidogo, maana akikosea jina la mfalme wa Babeli angesahihishwa mlangoni wakati wa kusalimiana. Hakuweza kuchinja kuku. Aliwaita majirani wamchinjie, akaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka kelele ziishe. Lakini fimbo alichapa, sitamficha. Alichapa, kisha saa ya mapumziko alikuita akakupa ndizi mbivu kutoka mezani kwake, bila kusema neno, mkala wote wawili. Siku moja Eli, mwanawe, akiwa ameinama kungoja fimbo, alisema, "Samahani Mwalimu. Na ncha ya pili ya hiyo fimbo kashika nani?" Darasa lililipuka. Mwalimu alijaribu kukaza uso, akashindwa, akaiweka fimbo dirishani. Siku hiyo hakuna aliyechapwa.

Elibariki tulimwita Eli. Tulikaa naye dawati moja.

Tulipofika kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Mwalimu aliingia darasani na furushi la kamba za katani, akatuamuru tusogeze madawati ukutani. Akatuita mbele mmoja mmoja na kutugawia nchi. Wewe Austria. Wewe Serbia. Wewe Urusi, kwa sababu una mwili mkubwa na unachelewa kuamka. Mimi nilipewa Ubelgiji, nikasimamishwa katikati ya Ujerumani na Ufaransa, nikaambiwa kwamba kosa langu ni kukaa njiani. Kisha akatufunga viunoni, kamba kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

"Kila kamba ni ahadi," alieleza taratibu, akipita katikati yetu. "Huyu amemwahidi huyu kwamba akipigwa atamsaidia. Ni ahadi nzuri tu. Angalieni, hakuna hata mmoja hapa aliyeahidi vita."

Mwisho akamwita mwanawe, akamsimamisha mlangoni, mbali na sisi wote. "Wewe ni Tanganyika. Jina hilo lilikuja baadaye, lakini watu walikuwa hawa hawa." Akachukua kamba ndefu kutoka kwa Ujerumani, akapiga magoti, akamfunga Eli kwenye kifundo cha mguu.

"Mbona mimi mguuni, Mwalimu?" Shuleni hakuruhusiwa kumwita Baba.

"Kwa sababu hii si ahadi. Hii ni kamba ya mbuzi."

Tulicheka. Mwalimu akamwambia Austria amsukume Serbia kidogo, kwa kidole tu. Serbia akayumba, Urusi akavutika, Ujerumani akamrukia Ufaransa na kunipitia mimi juu, na kabla hatujamaliza kucheka darasa zima lilikuwa sakafuni. Huko mlangoni Eli alikuwa chali, mguu hewani, vumbi mpaka masikioni. Ndiye aliyeumia kuliko wote.

"Mwalimu," aliuliza akiwa bado chini, "mimi nimekosa nini?"

Mwalimu hakucheka. "Andikeni swali hilo," alituambia. "Kwenye mtihani halitatoka, lakini liandikeni."

Jambo jingine alilotuonyesha halikuwa darasani. Kila kidato kilichopita mikononi mwake alikipandisha nyumbani kwake, akakipeleka nyuma, upande wa juu wa kihamba, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Hapo palikuwa na mawe yaliyopangwa kama kaburi. "Humu," alisema, "umelala mgomba."

Nieleze vizuri, maana msomaji wa mbali anaweza kudhani ni mzaha. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, katika kihamba chake. Akifia mahali ambapo mwili hauwezi kurudishwa, wazee hukata shina la mgomba lenye urefu wake, hulifunga shuka, wakalizika. Watu wanalia, wanakula, wanatawanyika. Ni desturi yenye huruma. Inawapa walio hai mahali pa kusimama. Baada ya hapo marehemu ni marehemu. Mke wake ni mjane, na mali yake inagawanywa.

Katika ukoo wa Mwalimu kulikuwa na mzee aliyechukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo ya jeshi lao, wakateremka naye kusini wakikimbizana na Waingereza. Vita viliisha. Hakurudi. Walingoja wakachoka, wakazika mgomba. Mke akarithiwa na mdogo wa mumewe, kihamba kikagawanywa. Halafu siku moja watu wakilima wakamwona anapanda kwa njia ya chini, amekonda, anakohoa, anasalimia watu kwa majina.

Kosa lililofanyika hapo lingeweza kufanywa na watu wetu tu. Hawakumfukuza. Waliketi kutafuta njia ya kumrudisha, na hawakuipata. Mtu aliyezikwa, walisema, hawezi kuingia kwa mlango aliotokea. Basi aingie kwa upi? Kila mzee alikuwa na jibu lake, na wakati wanabishana walimjengea kibanda chini kabisa, karibu na mfereji, akae hapo mpaka wakubaliane. Hawakukubaliana. Alizeeka humo. Mwalimu alipokuwa mtoto mdogo ndiye aliyetumwa kumpelekea ndizi za kuchemsha.

"Aliniuliza swali lile lile kila siku," alituambia. "'Kule juu wananiitaje?' Niliogopa kumjibu. Watoto tulikuwa tunamwita Mgomba."

Na alipokufa kweli, wazee wakasema mtu huyo kaburi analo tayari, hawezi kuwa na mawili. Wakamlaza nje ya mpaka, ng'ambo ya masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, bila mawe.

"Kwa hiyo hapa mliposimama pana kaburi lisilo na mtu," Mwalimu alimaliza, "na kule chini yupo mtu asiye na kaburi. Waingereza hawakumwua. Wajerumani hawakumwua. Nani alimwua? Jibuni."

Eli alikuwa anachezea jani.

Kanisani Mwalimu aliikemea desturi hiyo hadharani. Mgomba haubatizwi, aliwaambia waumini, na msiuimbie pambio. Lakini kila Pasaka nilimwona anang'oa magugu kwenye yale mawe. Nilimuuliza siku moja anamsafishia nani. "Mawe hayana kosa," alinijibu.

Vita vya Urusi na Ukraini vilipoanza, Mwalimu alikuwa amestaafu siku nyingi. Alisikiliza habari kwenye simu aliyoiegemeza kwenye kopo la sukari. Aliyempitia alielezwa, atake asitake. Mdogo wake, ambaye Eli alimwita Baba Mdogo na sisi wote tukamwita hivyo, alikuwa na maneno mengi na shamba zuri kuliko la kaka yake.

"Kaka, hao Wazungu wanagombania theluji. Wewe una mahindi hayajapaliliwa."

"Ngoja msimu," Mwalimu alisema.

Msimu ukaja na mbolea ikapanda bei mpaka watu wakaiuliza na kuondoka. Wengine walipanda bila mbolea, Mwalimu akiwa mmoja wao. Mahindi yalipofika kiunoni aliniita shambani, akakunja jani mbele ya macho yangu kama alivyokuwa akikunja ramani. "Unaiona njano inavyoanza nchani, ikishuka katikati ya jani? Muhindi una njaa. Mbolea hii hupikwa kwa gesi. Wenye gesi wanapigana, na wenye meli wanaiogopa bahari yao. Watu walipigana kule, jani limekauka hapa. Hii njano ni vita."

"Hiyo njano ni uvivu," Baba Mdogo alipaza sauti kutoka upande wake wa mpaka. Tulicheka wote, Mwalimu pia. Lakini Baba Mdogo naye alivuna kidogo mwaka huo.

Kamba iliendelea kuvuta. Mafuta ya kupikia yalipanda, unga wa ngano ukapanda, dizeli ikapanda. Eli alikuwa dereva wa watalii katika kampuni ndogo ya mjini yenye magari machache, na dizeli ilipokuwa ghali na wageni wakapungua, mwenye magari alipunguza magari na madereva, Eli akiwemo. Eli alikuwa na mke, Mama Glory, na binti yao huyo Glory anayeanza shule. Alibangaiza miezi kadhaa. Kisha akajitokeza wakala mmoja mwenye koti zuri na lugha tamu, anatafuta vijana wa kufanya kazi Urusi, kwenye ghala.

Tuliagana Kaloleni, kwenye kibanda cha chai karibu na uwanja wa mpira. Alikuwa amenyoa na anafurahi.

"Kupakia maboksi tu, kaka. Adui pekee ni baridi."

"Mwalimu kasemaje?"

"Unauliza?" alicheka. "Kaniuliza ncha ya pili kashika nani. Nikamwambia kashika wakala. Akaguna. Halafu akanishika kichwa akaniombea, sala ndefu mpaka chai ikapoa."

Hilo ndilo lililomtafuna Mwalimu baadaye. Mtu aliyeiona kamba kwenye jani la muhindi hakuiona kwenye mguu wa mwanawe. Au aliiona, lakini na yeye alikuwa anahitaji Eli apate kazi. Sijui, na sikumuuliza.

Picha za kwanza zilikuja Eli akiwa amevaa koti nene mbele ya ukuta. Kisha ikaja moja amevaa sare ya kijani. "Ni sare za kazini," alimwambia mkewe. Kwenye sauti aliyomtumia baadaye alikiri kwamba karatasi aliyotia saini iliandikwa kwa lugha asiyoisoma. Baada ya hapo kimya. Muda mrefu ukapita, ndipo Mkenya mmoja aliyekuwa naye akamtumia Mama Glory ujumbe wa sauti. Nimeusikia. Anaongea polepole kama mtu anayepanda ngazi. Anasema walitumwa mstari wa mbele wa vita, kitu kikaanguka kutoka juu, akakimbia, alipogeuka Eli hakuwepo. "Sikumuona tena, Mama. Sisemi amekufa. Nasema sikumuona."

Mwalimu alilikamata neno hilo kwa mikono miwili. "Mmesikia wenyewe," alisema. "Hakusema amekufa."

Majirani walikuja na sukari na unga wa msiba. Aliwazuia langoni. "Msiba gani? Rudini na unga wenu." Vijana walileta turubai, akawaambia wakalianike kwao. Kwaya ikaja jioni moja kuimba, akawapa viti, akawapa chai, akawakataza kuimba. Aliziandikia ofisi zote alizozijua, zikamjibu kwamba zinafuatilia, kisha zikaacha kujibu. Mwaka ukapita hivyo na mwingine ukaanza, Mama Glory akiishi uani kwa baba mkwe wake, anapika, anafua, anasema kwa kila anayeuliza kwamba mume wake amesafiri.

Ukoo uliitana. Walikutana uani kwa Baba Mdogo, wanaume kwenye mabenchi, wanawake upande wa jikoni. Mwalimu aliniomba niketi karibu naye. Nadhani alitaka awe na mwanafunzi mmoja.

Baba Mdogo alianza kwa upole. "Kaka, sisi hatuna haraka ya kumzika mtoto wetu. Lakini wakwe wanatuuliza binti yao hapa ni nani. Tukisema mke, mume yuko wapi? Tukisema mjane, kaburi liko wapi?"

"Ni mke wa mtu aliyesafiri."

"Huko aliko hakuna simu?" shangazi mmoja aliuliza.

"Kanisa lako linataka mwili," Baba Mdogo aliendelea, sauti ikianza kupanda, "na mwili huna. Mila inataka mgomba, na migomba imekujaa mpaka mlangoni. Sasa unangoja nini?"

"Namngoja mwanangu. Nyie mlishamzika mtu aliye hai, akaja akawakuta mmegawana majembe yake. Sitarudia ujinga wenu."

"Ujinga wetu? Kwani wewe si wa ukoo huu? Au ulishushwa hapa na watalii?"

Watu walicheka, kicheko kifupi kisicho na raha. Mwalimu alisimama, akasema kwamba atakayekata mgomba katika kihamba chake atajibu polisi. Wazee wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Ndipo Mama Glory aliposimama upande wa jikoni, kanga ameishika kifuani.

"Shikamooni, wazee. Naomba kusema."

"Sema, mama," Baba Mdogo alimwambia.

Alimgeukia Mwalimu peke yake. "Baba, mimi sijaomba shamba. Wala sijasema nataka kuolewa. Mimi nataka kulia. Tangu ile sauti ya Mkenya sijalia. Watu wakija nawaambia amesafiri. Glory akiniuliza, amesafiri. Nikishikwa na kilio naenda chini kwenye mfereji, najaza kanga mdomoni ili usinisikie." Aliikaza kanga kifuani. "Yule mzee wa zamani alikosa mlango wa kuingilia. Najua, umetuhadithia wote. Mimi, Baba, nimekosa wa kutokea."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Tulingoja swali lake. Hakuuliza. Aliivaa tena, akachukua fimbo yake ya kutembelea, akaondoka kwenye kikao bila kuaga, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Siku chache baadaye alinipigia simu. "Njoo Jumamosi asubuhi. Vaa viatu vya shamba."

Nilimkuta kihambani, amefika magotini ndani ya shimo, anachimba. Baba Mdogo alikuwa anamnyang'anya jembe, naye hakubali. Mgomba alikuwa ameuchagua mwenyewe, mmoja wa aina ya mshare ambao Eli aliupanda akiwa kijana, na alikuwa ameupima kwa fimbo kutoka kwenye alama ya mlangoni walikokuwa wakimpima mwanawe kimo. Shina lilikuwa limelala kwenye shuka jeupe, maji yake yakilowanisha kitambaa. Majirani walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Mchungaji naye alikuja. Hakuvaa joho, hakushika kitabu; alisimama kwenye masale pamoja na wengine kama jirani.

Mwalimu alitoka shimoni, akatoa kamba ya katani mfukoni. Aliipitisha chini ya shina, akatafuta katikati, akaisogeza juu kidogo. Aliifunga pale ambapo kiuno cha mtu kingekuwa, si mguuni. Alijaribu fundo kwa kuvuta mara mbili, kisha akanitupia upande wa pili.

"Shika ncha ya pili," aliniambia.

Nilishika. Tulisimama huku na huku ya shimo, mwalimu na mwanafunzi.

"Wewe siku ile ulikuwa nani?"

"Ubelgiji, Mwalimu."

"Taratibu basi. Usinivute."

Tuliteremsha. Mgomba ni mzito kuliko unavyodhani, umejaa maji. Ulipogusa chini Mama Glory alilia. Sijui namna ya kukieleza kilio hicho, ila kwamba wanawake waliokuja kumsaidia kulia walinyamaza kwanza, wakampisha, kama watu wanavyopisha gari kubwa kwenye njia nyembamba. Glory alimshika mama yake kiuno, akaangalia shimo, akatuangalia sisi wenye kamba. Mwalimu alisimama wima, miwani mkononi. Hakutoa chozi. Baba Mdogo ndiye aliyelia, kwa sauti, akimwita Eli kwa jina la utotoni.

Wiki ile ile Mwalimu alimwita fundi, akamwonyesha ukuta wa nyuma wa nyumba, wa chumba alicholala Eli kabla ya kuoa. Akamwambia avunje aweke mlango. Fundi alimuuliza mlango wa nini upande wa migomba, mbona wa mbele upo. "Piga ukuta," Mwalimu alimjibu. Ndani ya siku chache mlango uliwekwa, mbao mpya, bila komeo.

"Kaka amezika kwa mkono wa kulia," Baba Mdogo aliwaambia watu, "na amefungua kwa wa kushoto." Alisema hivyo akitaka kuchekesha. Hakuna aliyecheka. Wazee walimkumbusha Mwalimu kwamba hata zamani wazee wenzao hawakukubaliana aliyezikwa aingilie wapi. Aliwajibu kwamba walipaswa kujenga kwanza, wakabishana baadaye.

Mama Glory alimaliza msiba wake, akaomba ruhusa ya kwenda kuanza maisha Tengeru, alikokodi chumba na cherehani. Mwalimu alimpa. Alimbebea begi mpaka langoni, akamwambia Glory asome. Walitoka kwa mlango wa mbele.

Nilimwona mara ya mwisho katika masika haya. Alikuwa peke yake, amepungua, amekaa kwenye kiti akiutazama ule mlango wa nyuma, ameupa mgongo ule wa mbele ambao watu wote huingilia. Ilibidi nizunguke kiti nimsalimie.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na mvua." Simu ilikuwa imezimwa, imelala kifudifudi karibu na kopo la sukari. Hakuulizia habari za dunia. Nilimweleza kuhusu shule, akasikiliza mpaka mwisho kama zamani.

"Ile kamba bado unaifundisha?"

"Naifundisha kila mwaka, Mwalimu."

"Tanganyika unampa nani?"

"Siku hizi simpi mtu. Naifunga kwenye mguu wa dawati."

Alivua miwani. Nilidhani atanisifu. Alikuwa ananisifu mara nyingi zaidi ya nilivyostahili.

"Unakosea," alisema. "Dawati haliwezi kuuliza limekosa nini. Mpe mtoto."

"Wanaumia, Mwalimu."

"Najua wanaumia." Aliirudisha miwani usoni. "Yule alipouliza, nilitakiwa kumjibu. Nilijifanya nafundisha."

Tulikaa. Bati lilikuwa linapigwa na mvua, na mlango ule usio na komeo ulikuwa ukisukumwa na upepo, unafunguka kidogo, unarudi. Kila ulipofunguka aliacha kuongea. Mvua ilipokatika niliaga, nikaelekea huko, maana ndiyo njia fupi ya kufika kwenye mawe ya Eli.

"Usipite hapo," aliniambia. Hakupandisha sauti. "Huo si wa wageni."

Nikatoka mbele, nikazunguka nyumba nikifuata masale. Udongo ulikuwa umelowa wiki nzima na viatu vyangu vilizama kila hatua. Kutoka chini kwenye mfereji, pale kilipokuwa kibanda cha yule mzee, njia ilikuwa imefunguliwa katikati ya migomba, imepanda mpaka kwenye mlango wa nyuma. Ilikuwa imefyekwa asubuhi hiyo, kingo zimenyooka kama mstari wa chaki. Alama za buti za Mwalimu zilikuwa pembeni, huku na huku, kwa sababu alikuwa akiifyeka amesimama nje yake. Katikati udongo ulikuwa laini, mwekundu, na hapakuwa na alama ya mguu wa mtu yeyote.